Ubora wa Santuri za Franco

Katika mabishano yote niliyopata kuyasikia kwenye baraza za Ujiji, hakuna lililodumu kama lile la santuri za Franco. Siasa huchosha, mpira huwa na msimu wake, bei ya dagaa hupanda na kushuka. Lakini ukimuuliza mtu mzima wa Kigoma ni kazi ipi ya T.P. OK Jazz iliyo bora kuliko zote, basi umejitafutia maneno ya usiku kucha. Nimewaona watu waliogombania kiwanja wakapatana, na nimewaona marafiki wa miaka ishirini wakinuniana kwa sababu ya wimbo mmoja.

Kwa msomaji ambaye hakuziwahi enzi hizo, nieleze kidogo. OK Jazz iliundwa mwaka 1956 katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwamo tangu mwanzo, akaja kuwa kiongozi wake na kuipigia gita mpaka alipofariki huko Ubelgiji mwezi Oktoba 1989. Kwa zaidi ya miaka thelathini bendi hiyo ilitoa nyimbo nyingi kiasi kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kudai kuwa amezisikia zote. Hapo ndipo ubishi unapopata chakula chake.

Wala si ajabu kwamba ubishi huo umeota mizizi Kigoma. Reli kutoka Dar es Salaam ilitufikia mwaka 1914, lakini Dar es Salaam iko mbali, zaidi ya kilomita 1,200. Kongo iko hapo ng'ambo. Siku isiyo na ukungu unaiona milima yake ukiwa umesimama ufukweni. Wamanyema wa Ujiji ni watu ambao asili yao iko upande huo. Usiku redio zetu zilizikamata Bujumbura na Kinshasa bila taabu, na mitumbwi iliyoleta bidhaa kutoka Uvira na Kalemie ilileta pia kaseti. Muziki huo haukuwa mgeni kwetu. Ulikuwa wa jirani, na wa jirani mwenye undugu.

Neno "albamu" lenyewe lilikuwa na maana yake kwetu. Wachache sana walikuwa na santuri na mashine ya kuipigia. Wengi tulikuwa na kaseti ya dakika sitini au tisini, iliyonakiliwa na muuzaji, majina ya nyimbo yakiwa yameandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kikaratasi. Muuzaji alipanga nyimbo apendavyo: moja ya mwaka 1974, ya pili ya 1985, na mwishoni, kama utepe umebaki, kipande cha Tabu Ley kilichokatika katikati. Nimewasikia watu wawili wakipigania "ile albamu inayoanza na Mabele", kumbe albamu hiyo haikupata kuchapishwa popote duniani. Ilitungwa na kijana wa dukani.

Wakati mzuri wa kuusikia ubishi huu ulikuwa wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili mwanga wa karabai uwavute samaki. Mwezi ukiwa mpevu hulala nchi kavu. Hapo Kibirizi na Katonga hupata wazungumzaji wa kutosha, na kahawa huuzwa mpaka saa tano usiku.

Kambi zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ya Mario, kazi ya mwaka 1985, ambayo Franco na Madilu System wanamsema kijana msomi anayeishi kwa fedha za mwanamke aliyemzidi umri. Watu wa kambi hii walijitapa kwamba hakuna wimbo mwingine uliotupa neno: mpaka leo mwanamume anayelelewa na mwanamke huitwa marioo, hata na vijana wasiojua neno hilo lilikotoka. Kambi ya pili ni ya Mabele, utungo wa Simaro Lutumba wa mwaka 1974 ulioimbwa na Sam Mangwana. Mabele maana yake ni udongo, na wimbo huo unautafakari uhai na kifo kwa utulivu ambao haukumnyima Simaro jina la mshairi. Kambi ya tatu, ambayo ni ya wachezaji, ilishikilia Azda ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekijua Kilingala alipenda kuwakera hao kwa kuwaambia kwamba Azda ni tangazo la kampuni iliyouza magari ya Volkswagen huko Zaire. "Mmewaposea wake zenu tangazo la gari," alikuwa akisema, na watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini hawakuiacha Azda, na sioni kwa nini wangeiacha. Mguu hauulizi tafsiri.

Ubishi huo uliendelea kuwa mchezo mpaka mwaka 1996. Mwezi Oktoba mwaka huo vita viliingia Uvira, na watu wakaanza kuvuka ziwa kwa mitumbwi. Wengi walipelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huo huo. Baadhi yao walibaki kwa ndugu zao mjini. Jioni moja, kwenye mgahawa mdogo karibu na soko la Mwanga, kijana aliyekuwa akihudumu alipandisha sauti ya redio kaseti. Mama mmoja wa Uvira aliyekuwa akinywa chai akamwambia taratibu, "Mwanangu, zima hiyo."

Mzee mmoja, bingwa wa kambi ya Mario, akashangaa. "Dada yangu, huyu si Franco wa kwenu?"

"Kwetu tunasema Kiswahili, baba," akajibu. "Kilingala kilitujia na askari. Usiku ukisikia Kilingala mlangoni, ujue kuku wamekwisha, na uombe wawe kuku tu."

Mzee akasema kwamba Franco hakushika bunduki. Mama akajibu kwamba hakusema alishika. Amesema tu yeye anasikia nini. Redio ikazimwa.

Maneno yale yanaeleweka zaidi kwa anayejua mambo ya Zaire. Kilingala ndicho kilikuwa lugha ya jeshi la Mobutu, na katika majimbo ya mashariki, ambako watu husema Kiswahili, wengi walikisikia kwanza katika vitu viwili: wimbo na amri ya askari. Upande wetu wa ziwa tulipata wimbo peke yake. Amri iliishia majini.

Hata hivyo Wakongo wenyewe hawakuwa na kauli moja. Mzee mmoja wa Kalemie, aliyesimuliwa kisa hicho, alitikisa kichwa. Askari walimchukulia mbuzi, alisema, na Jumapili ile ile alicheza OK Jazz. "Katika vyote vilivyotoka Kinshasa, hicho ndicho kitu kimoja kilichotufikia bila kudai hongo."

Ndipo yule mwalimu mstaafu akaiweka mezani kaseti ambayo kambi zote tatu hazikuwa na hamu ya kuizungumza. Mwaka 1984 Franco alitoa kazi iitwayo Candidat na Biso Mobutu, ya kumpigia debe Mobutu katika uchaguzi ambao mgombea alikuwa yeye peke yake. Magita yake ni matamu. Hilo ndilo gumu. Kama ungepigwa vibaya, tungeuweka kando kwa kisingizio cha ufundi. Na Franco huyu ndiye serikali hiyo hiyo ilimfunga mwaka 1978 kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu. Kisha, mwaka mmoja tu baada ya kumsifu Mobutu, akamwimba Mario na kumkemea kwa kula jasho la mwingine. Nchi nzima ilikuwa na Mario mkubwa zaidi, na huyo alikuwa ameimbiwa sifa.

Wako wanaosema haya hayahusiani na ubora wa santuri; kwamba sikio ni sikio. Siwafuati. Santuri ya Franco si magita tu, ni mtu anayesema na watu wake, na anayesema hupimwa kwa alilolisema. Lakini siwafuati pia wale wanaotaka tuzitupe zote kwa sababu ya moja. Mwanamuziki aliyeishi Kinshasa chini ya Mobutu hakuwa na njia nyingi: aliyesifu alikula, aliyenyamaza alitiliwa shaka, aliyesema alifungwa. Franco alizionja zote tatu.

Mimi niko kambi ya Mabele, na sababu yangu sasa ni pana kuliko utamu wa sauti ya Mangwana. Wimbo ule hauuzi gari wala haumpigii mtu kura. Unawakumbusha mkubwa na mdogo kwamba udongo ni mmoja. Mobutu alianguka Mei 1997 na kufa uhamishoni Septemba mwaka huo. Madilu alifariki mwaka 2007 na Simaro mwaka 2019. Utungo ule hauhitaji kurekebishwa neno kwa sababu ya lolote kati ya hayo. Candidat inahitaji maelezo marefu kabla ya kuipiga mbele ya mgeni.

Siku hizi vijana wana nyimbo zote hizo katika simu, na tarehe zake ni sahihi kuliko kikaratasi cha muuzaji wetu. Hakuna tena wa kubuniwa albamu. Ubishi lakini haujaisha, na sipendi uishe. Ninaloshauri ni dogo: mbele ya watu waliovuka ziwa, tusianze kwa kutangaza ipi ni bora. Tuwaulize kwanza walizisikia wapi, na nani alikuwa amesimama mlangoni.