Mkanda Niliofunga kwa Woga

Nimeendesha eskaveta tangu ujana wangu, sehemu kubwa ya kazi hiyo ikiwa kwenye machimbo ya moramu na barabara za milimani mkoani Tanga. Aliyenifundisha, Mungu amrehemu, aliniachia kanuni moja: mashine ikianza kulala, ruka. Basi nikawa nafanya kazi mlango ukiwa wazi. Mkanda niliupitisha nyuma ya mgongo, nikaubana kwenye kifungo chake na kuukalia, ili atakayechungulia auone umefungwa. Vijana wa saiti waliniita mzee wa kazi, na nilivyoipenda sifa hiyo sikuona kitu kingine.

Sikuwahi kujiuliza: nikiruka, naangukia wapi? Mlango wa eskaveta uko kushoto. Ikilalia kushoto, unaruka pale pale kebini inapotua, na tani 20 zinakufuata. Ikilalia kulia, mlango unakuwa juu ya kichwa chako kama mfuniko wa kisima, nawe unaporomokea upande wa pili.

Ilikuwa masika. Asubuhi hiyo mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, alifika saiti, na fomani akapita akitusihi tusimwaibishe. Nikafunga mlango, nikafunga mkanda kiunoni. Nilifunga kwa kuogopa faini, hekima haikuwamo. Mkaguzi aliondoka kabla ya saa sita mchana. Mimi nilisahau tu kuufungua mkanda, na ndiyo maana siwezi kujisifu kwa yaliyofuata.

Alasiri nilisimamisha mashine kwa ubavu kwenye mteremko uliolowa. Nikajaza baketi, nikanyanyua mkono wa mashine juu na kuuzungusha upande wa bondeni nipakie tipa. Kila opareta anajua hatari yake: uzito wote unahamia kwenye cheni ya chini, na ukingo ule ulishalainishwa na mvua. Cheni ikazama. Kiti kilipoinama, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Nilitaka kuruka, ndugu msomaji. Mkanda ukanirudisha kitini.

Mashine ililalia kushoto. Kioo cha mlango kilipasuka, udongo ukaingia, nguzo za kebini zikapinda lakini hazikuporomoka. Vijana walinitoa kwa dirisha la nyuma nikiwa nimevunjika mtulinga, basi. Mahali ambapo ningerukia palikuwa chini ya chuma. Namshukuru Mungu kwa uhai ambao sikuufanyia kazi.

Nilipopona, afisa usalama alinionyesha bati dogo ndani ya kebini lenye herufi ROPS. Miaka yote ile nilikuwa nikilifuta vumbi bila kulisoma. Maana yake ni kwamba nguzo hizo zimeundwa zipinde na kumeza kishindo, lakini zimbakishie mtu nafasi ya kuishi. Nafasi hiyo iko kuzunguka kiti. Kwa aliyetupwa nje au aliyeruka, haina faida. Kwa eskaveta zinazozidi tani 6, kiwango cha kimataifa cha kupima muundo huo, ISO 12117-2, kilitolewa mwaka 2008. Mashine ya mtumba iliyoundwa kabla ya hapo huenda haina.

Ningependa kusema nilibadilika siku hiyo hiyo. Haikuwa hivyo. Mwenye mashine aliinyoosha kebini, nguzo zikachomelewa na kupigwa rangi ikang'aa. Nilishaelezwa kwamba nguzo iliyopinda ikachomelewa haina tena nguvu iliyopimwa kiwandani. Nikaiendesha hata hivyo, kwa sababu ya ada za watoto, na kila mteremko nikishika vishikio mikono ikitetemeka. Nilipokataa hatimaye, nafasi yangu ilichukuliwa na mwingine. Tulikaa nyumbani tukila maandazi ya biashara ya mke wangu yaliyokosa mnunuzi, mpaka nikapata kazi kwingine.

Huko wananitania: "Mzee, mkanda huo unasafiri kwenda Dodoma?" Nacheka nao. Nami niliwahi kumcheka mtu hivyo hivyo.

Kama wewe ni opareta na mkanda wako uko mgongoni, sikuhukumu. Kesho kabla hujawasha, tafuta lile bati, angalia nguzo kama zina mshono wa kuchomelea, hakikisha dirisha la kutokea halijazibwa kwa mizigo. Halafu funga mkanda kiunoni, na mashine ikilala, shika vishikio na ubaki ndani.