Kutoka Nyasi za Rweya hadi Magome ya Msonobari

Kwetu Muleba, kibanja hakikuishia kwenye mgomba wa mwisho. Kilitegemea rweya, ile mbuga ya nyasi iliyokuwa ya kijiji kizima. Kina mama waliipanda na mundu mkononi, wakateremka na mizigo ya nyasi kichwani, nasi watoto tukaitandaza chini ya migomba na mibuni mpaka udongo usionekane. Bibi alipita nyuma yetu akichomeka vidole. Vikigusa udongo upesi, tulirudishwa kuongeza.

“Magugu yanyimeni jua,” alituambia.

Alikuwa sahihi kabisa. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo mno, hazichipui bila mwanga. Tena jembe halikupendwa kibanjani, kwa kuwa mizizi ya mgomba hutambaa juu juu na jembe huikata.

Baadaye rweya ikaanza kugawanywa. Wenye uwezo walipanda misonobari na mikaratusi, na siwalaumu, mti unasomesha watoto. Lakini chini ya misonobari iliyofunga hakuna nyasi ya kukata. Kina mama wakaenda mbali zaidi, kisha nyasi zikawa za kununua. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia mkoani kwetu Kagera mwaka 2006, tuking'oa migomba iliyougua, hata majani makavu ya kutandaza yakapungua. Magugu yakapata jua.

Leo misonobari ileile inapasuliwa mbao, na kando ya mashine hubaki malundo ya mabanzi na magome. Nayabeba magome hayo. Nayatandaza unene wa vidole vinne, nikiacha nafasi kuzunguka shina ili lisioze. Nyasi huoza upesi. Gome huvuka mwaka. Ila ndago na sangari hulitoboa, hivyo sharti zing'olewe na mizizi kwanza. Wala lisifukiwe: vijidudu vinavyoozesha mti huchukua naitrojeni ya udongo, mmea ukageuka njano.

Chini ya mibuni na kwenye vijia, magome yameniridhisha. Kwa mgomba, hapana. Mgomba unakula sana, na chakula chake ni nyasi zinazooza, majani yake yenyewe na samadi. Gome linaufunika tu.

Viongozi wa vijiji ambako rweya bado ipo, nawasihi: kabla hamjagawa kipande kilichobaki, tengeni sehemu ya wananchi kukata nyasi.