Ile Video ya Stampu, Niliikata

Mwezi uliopita niliweka video ya sekunde 40 nikitengeneza stampu ya ngozi kutoka kwa msumari wa inchi sita. Mnaikumbuka: msumari, tupa, nyundo, halafu jani safi kwenye ngozi, muziki, mwisho. Chini nikaandika, "Dakika 20 tu, msumari wa shilingi 20." Mkanimwagia mioyo na moto.

Siku mbili baadaye kijana mmoja wa hapa Nakuru akanitumia picha. Msumari umepinda, ngozi haina alama yoyote, na kidole chake kimefungwa plasta. Akauliza, "Bro, nakosea wapi?"

Sikumjibu siku nne. Juu jibu la ukweli lilikuwa kwamba hata mimi nilikosea hapo hapo, ni vile tu nilikata hiyo sehemu. Leo namjibu mbele ya kila mtu.

Kwa wale hawajui, stampu ninazosema si zile za posta. Ni vijiti vya chuma vyenye mchoro kwenye ncha. Unalowesha ngozi kidogo, unasimamisha stampu juu yake, unagonga, na mchoro unabaki. Unaweza kununua seti nzima kutoka nje. Shida yangu na hizo seti ni michoro yake. Nyingi zimefuata mtindo wa mafundi wa matandiko ya farasi wa Marekani, kama wale wa Sheridan, Wyoming, wanaojulikana kwa maua ya waridi mwitu. Kwa hivyo unapata waridi, jani la mwaloni, kiatu cha farasi. Ukitembea tauni unaona mishipi ya mafundi watano tofauti, na yote ina ua moja. Mimi sijawahi kuona mwaloni. Naishi Kiamunyi. Nikipanda kuelekea Menengai naona leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu yanayonukia ukiyafikicha. Nilitaka jani la leleshwa kwenye ngozi yangu. Hakuna seti inayouzwa na jani la leleshwa.

Hiyo sehemu ya hadithi ni ya kweli. Uongo unaanzia kwa zile dakika 20.

Jani la kwanza lilinichukua jioni tatu. Kichwa cha msumari hakiko laini, kwa hivyo lazima ukisawazishe kwanza kwa tupa. Halafu unachora umbo kwa kalamu, unakula chuma pembeni pole pole mpaka libaki jani, halafu unachimba mstari wa katikati kwa ukingo wa tupa ya pembe tatu. Mimi sikuwa na vaisi. Nilishika msumari kwa mkono na kuugandamiza kwenye ngazi ya nyumba. Tupa iliteleza mara moja, jani likapoteza ncha. La pili nilichimba mstari ukaenda kombo. La tatu nikaliweka kwenye jiko la makaa mpaka likawa jekundu, nikalitumbukiza kwa maji, juu niliona mtu akifanya hivyo na kisu.

Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi ya vyuma miaka mingi. Alisikia ule mvuke akachungulia kwa ua.

"Kijana, unapika nini?"

"Nafanya chuma kiwe kigumu, mzee."

"Ni cha nini hicho?"

"Msumari."

Alicheka mpaka akashika ua. Akanieleza kwamba chuma cha msumari wa kawaida kina kaboni kidogo sana, kwa hivyo hata ukikichoma na kukizamisha mara kumi hakitakuwa kigumu kama kisu. Ukitaka kigumu, tafuta tupa iliyochakaa au springi ya gari. Halafu akauliza swali ambalo nilifaa kujiuliza mwenyewe: "Na ngozi yenye maji, inahitaji chuma kigumu cha nini?" Haihitaji. Msumari jinsi ulivyo unatosha. Akanikubalia nitumie vaisi yake, na akanikataza jambo moja kwa ukali: nisiwahi kuweka kwa moto msumari au bolti iliyopakwa zinki, ile inang'aa kama bati jipya, juu moshi wake ni sumu.

Jani la nne, kwa vaisi ya mzee, lilitoka poa. Nililipiga msasa wa mwisho mbele ya kamera. Hizo ndizo dakika 20 mlizoziona.

Sasa, video ikaleta oda. Dada mmoja tuliyesoma naye chuo, kabla niache mwaka wa pili, alinipigia. Darasa letu, sorry, darasa lao, lilikuwa linafuzu. Walitaka vishikio vya funguo 18, kila kimoja na jani langu na herufi ya kwanza ya jina la mwenyewe. Shilingi 300 kila kimoja. Akatuma nusu kwa M-Pesa, 2,700, papo hapo. "Si unatengeneza kwa dakika 20?" akasema. Ningesema nini?

Kosa la kwanza: ngozi. Nilinunua mabaki kwa fundi wa viatu, laini, rangi nzuri. Nikagonga jani, likatokea vizuri. Asubuhi halikuwepo. Ngozi ilikuwa imerudi kama haijawahi kuguswa. Hapo ndipo nilijifunza kitu ambacho hakikuwa kwa video yangu. Ngozi nyingi za kisasa zinatengenezwa kwa kromu, na hizo hazishiki mchoro. Ngozi inayoshika ni ile iliyotengenezwa kwa tanini ya mimea. Na hapa kwetu hiyo ni hadithi ya karibu, juu magome ya muwati, mti uliotoka Australia, yalikuwa biashara kubwa huku juu. Eldoret kulikuwa na kiwanda kizima cha kuyakamulia tanini. Kijana wa plasta, ngozi yako naamini ni ya kromu. Nyundo yako haina makosa.

Nikaagiza ngozi ya tanini kutoka Kariokor, Nairobi, kwa shilingi 1,900. Kuletewa kama mzigo kwa matatu, 200.

Kosa la pili: herufi. Nilichonga A na M kwenye misumari, zikatoka sawa, nikajiona bingwa. Halafu nikagonga N. Ilitoka imegeuka, kama iko kwa kioo. Stampu lazima uichonge kinyume, na A na M zilikuwa zimenisamehe tu kwa sababu ukizigeuza hazibadiliki. Mzee akaniambia niache kuchonga herufi. Nichonge mistari. Msumari mmoja ncha yake iwe mstari mrefu, mwingine mfupi, butu kiasi cha kutokata ngozi. Ukiwa na hiyo miwili unaandika A, E, K, M, N, W, chochote cha mistari iliyonyooka. Kwa mkunjo wa J na S nilikata kibomba chembamba nikatumia nusu ya mdomo wake.

Kosa la tatu ndilo liliniuma. Nilikuwa nimemaliza vipande saba. Usiku nikavilowesha vingine, nikavipanga mezani, na nikingoja maji yaingie nikakaa hapo hapo kunoa msumari. Asubuhi ngozi zote zilikuwa na madoa meusi, madogo madogo, kama nzi wamezitembelea. Hata zile saba zilizokuwa zimekamilika, juu zilikuwa bado na unyevu.

Nilidhani ni ukungu. Mzee akashika kipande kimoja, akakitazama, akapangusa meza kwa kidole, akanionyesha vumbi la chuma. Chuma kikikutana na tanini penye maji, kinakuwa cheusi. Hiyo ni rangi, si uchafu, ndiyo maana hupangusi ikatoka. Watu wamepaka ngozi rangi nyeusi hivyo tangu zamani, kwa siki iliyolowekwa vyuma. Mimi nilikuwa nimepaka rangi bila kupanga.

Ilikuwa Jumanne. Sherehe ilikuwa Ijumaa. Ile 2,700 nilikuwa nimeitumia karibu yote.

Mathe alikata ndimu. Unapaka maji ya ndimu, unangoja dakika chache, unasuuza kwa maji safi. Madoa mengi yaliisha. Vipande vitatu vilibaki na kivuli cha kijivu. Nilikaa nao mkononi nikifikiria kuvipaka vyote rangi ya kahawia nzito ifiche, halafu niseme ndiyo staili. Hata kichwa cha video nilikuwa nacho tayari.

Badala yake nikampigia yule dada. Nikamwambia ukweli: vitatu vina doa, vingine saba havitakuwa tayari Ijumaa, na zile dakika 20 zilikuwa uongo. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Leta zenye ziko. Hizo zingine tutachukua wiki ijayo. Lakini ungesema mapema." Tu. Hakunichekea, na hakunibembeleza. Nilipeleka 11 Alhamisi, saba zikafuata. Vile vitatu niliviuza 200.

Hesabu, kwa wale hupenda hesabu: nilipata 5,100. Toa ngozi na usafiri, 3,000 ilibaki. Kwa kazi ya wiki mbili na nusu. Kwa hivyo mtu asikwambie hii ni biashara itakutoa kwenu kesho. Na huyo mtu nilikuwa karibu niwe mimi.

Wakati nilikuwa napaka ndimu, mathe alisimama mlangoni akauliza, "Kumbe unaweza kurudia kitu mara nne?" Anajua nilivyoacha chuo. Kulikuwa na somo moja nilianguka, na nilikataa kurudia. Kulikuwa na sababu zingine pia, za pesa, na hizo ndizo mimi husema watu wakiuliza. Sikumjibu mathe. Bado sijamjibu.

Lakini hiki najua. Sisi wenye kushika kamera tunaonyesha la nne na kuficha la kwanza, la pili na la tatu. Halafu kijana mahali anaharibu msumari wake wa kwanza, anadhani ni yeye tu hana mkono. Kumbe alikuwa kwa ratiba. Hiyo sehemu tunakata ndiyo alihitaji kuona.

Kwa hivyo, kijana wa plasta: tafuta ngozi ya tanini ya mimea. Ilowe iwe na unyevu, isitiririke maji. Weka jiwe au kipande cha granaiti chini, ugonge na nyundo ya mbao. Jaribu mchoro kwanza kwa kipande cha sabuni. Tupa ifanye kazi nje, ngozi ibaki ndani, na nawa mikono kati ya hizo mbili. Vaa miwani. Usichonge N ya kawaida. Na ukishindwa, kuja Kiamunyi, mzee amesema vaisi iko, mradi usilete msumari kwa moto.

Ile video nimeifuta. Nimeweka nyingine ya dakika 11. Misumari yote minne iko ndani.