Kata Haijazi Kisima

Mzee aliyenifundisha umeme wa magari amefariki, na tangu tumzike vijana wa gereji za Kibiti hawaishi kunijia na swali lililomgombanisha na watu miaka yake ya mwisho: gari lenye muziki mkubwa lifungwe kapasita au lisifungwe? Kila mmoja anadai anajua marehemu alisema nini, na wengi wameshika nusu ya jibu. Mimi nilikaa naye benchi moja, nikakubaliana naye kwa mengi na kubishana naye kwa moja. Nayaandika yote mawili kabla hayajageuzwa.

Nimezaliwa deltani, upande wa Salale, wakati Kibiti ingali ndani ya Wilaya ya Rufiji. Baba alilima mpunga na kutega kamba. Shule ilipoisha nilipanda boti hadi Nyamisati, nikadandia lori la Bungu, nikateremkia Kibiti kumtafuta fundi wa kunichukua. Siku hizo Daraja la Mkapa halijajengwa, na magari ya kusini yalisubiri pantoni pale Ndundu. Barabara ya Kilwa ilitikisa kila nati, na gari likifika kwetu nyaya zimelegea, fyuzi zimeungua, taa moja inawaka na nyingine imelala. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Daraja lilipofunguliwa 2003, magari yaliongezeka, na muziki ukaongezeka pamoja nayo: Hiace za abiria, Noah za vijana, na zaidi ya yote magari ya matangazo.

Anayetaka kuelewa ugomvi wa kapasita, kile kifaa kinachotunza umeme kidogo na kuutoa papo hapo, alielewe kwanza gari la matangazo. Linatambaa mwendo wa mtu anayetembea, kutoka sokoni hadi Bungu, hadi Jaribu Mpakani, injini ikiwa karibu na sailensa, feni inazunguka, taa zinawaka, amplifaya inanguruma saa nzima. Alteneta hutoa umeme wake mwingi injini ikikimbia. Kwenye sailensa hutoa sehemu tu ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko. Basi kila ngoma ikipiga, taa za mbele zinafifia, na mwenye gari anakuja mbio: "Fundi, shikamoo, sabufa inaninyonyea taa."

Mzee wangu alikuwa na mita ya sindano, na hakuiacha hata mita za tarakimu zilipojaa madukani. Alisema namba huchelewa, sindano hucheza na ngoma. Alichonifundisha hakikuwa kupima betri, maana hilo kila mtu anafanya. Alinifundisha kupima upotevu. Washa gari, piga muziki kwa sauti ileile mteja anayopigia, weka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa chanya cha betri na mwingine kwenye chanya ya amplifaya. Sindano ikiinuka, hiyo ni volti inayokufa njiani ndani ya waya. Fanya hivyohivyo upande wa ethi, kutoka kichwa hasi cha betri hadi hasi ya amplifaya. Mafundi wengi husahau upande huu wa pili, na huku pwani ndiko ugonjwa uliko, kwa sababu chumvi ya hewa hula shaba ikawa kijani chini ya plastiki, wala huioni.

Msimu mmoja wa kampeni ililetwa Hiace ya matangazo. Fundi wa gereji nyingine, simtaji, alikuwa ameifunga kapasita ya farad 1, yenye kioo cha namba za buluu, kwa bei iliyomfanya mwenye gari auze mbuzi. Taa zilikuwa bado zinafifia, na fundi yule akamwambia anunue ya pili. Mzee alipima. Kwenye betri volti 13.1, kwenye amplifaya 10.9. Volti mbili na zaidi zilikuwa zinafia njiani: waya mwembamba wa aluminiamu iliyopakwa shaba, na ethi iliyofungwa juu ya rangi ya bodi. Akakwangua rangi hadi chuma king'ae, akapitisha waya mnene wa shaba tupu pande zote mbili, akaongeza waya mwingine kutoka alteneta hadi betri. Ngoma ikapiga, na taa hazikutikisika kama mwanzo. Kisha akafungua ile kapasita, akamrudishia mwenye gari mkononi, akasema, "Kata haijazi kisima. Kisima ni alteneta, betri ni mtungi, hii ni kata. Ukiteka kwa kata kubwa, maji ya kisimani hayaongezeki."

Alikuwa sahihi, na hesabu inamshuhudia. Farad 1 ikishuka kutoka volti 14.2 hadi 12.6 hutoa jouli zipatazo 21. Amplifaya inayovuta wati 1,000 inazimaliza kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, na ngoma ya besi inadumu zaidi ya hapo. Betri ya kawaida ya Ah 60 imebeba zaidi ya jouli milioni 2. Isitoshe, kila jouli iliyotoka kwenye kapasita lazima irudishwe na alteneta ileile iliyokwisha kuzidiwa. Kwenye boti zetu za deltani ni wazi zaidi: wengi wanapiga muziki kwa betri tu, bila chombo cha kuichaji njiani, na kile kioo cha namba kinaendelea kunyonya usiku kucha boti ikiwa imefungwa mikokoni. Anayemuuzia nahodha kapasita anamwibia.

Hapa ndipo tulipobishana, na bado nabishana naye. Yeye alisema kapasita haina kazi popote, kwa kuwa betri ipo. Lakini betri ya risasi na asidi haianzi kutoa mpaka volti ishuke karibu na 12.7. Gari linapochajiwa kwa 14.2, kati ya namba hizo mbili kuna pengo, na alteneta inahitaji muda kidogo kujibu mahitaji. Ndani ya pengo hilo kapasita inajibu papo hapo. Nilimfungia kijana mmoja mwenye Noah ambayo kila kitu kilikuwa sawa: waya mnene, ethi safi, betri mpya. Taa zilikuwa zinapepesa kidogo kwa kila pigo fupi. Nilipoweka kapasita karibu na amplifaya, sindano ilitulia na kupepesa kukapungua. Sauti haikuongezeka hata chembe, na nilimwambia hivyo kabla hajalipa. Mzee alitazama sindano ile, akasema betri kubwa zaidi ingefanya vilevile. Ingefanya, ila nafasi ya betri kubwa zaidi chini ya boneti ya gari lile haikuwepo.

Vijana wangu, mnaniumiza mnapofunga kitu msichokipima. Kapasita tupu msiigusishe na betri moja kwa moja, itarusha cheche na kuunguza kiungo. Ipitisheni kwenye taa ya breki ya wati 21: itawaka, itafifia, na ikizimika kapasita imejaa. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi nusu mita, kwa sababu waya mnene ukigusa bodi bila fyuzi unachoma gari zima na waliomo. Ninyi mnaofunga spika na betri kwenye pikipiki za matangazo, sheria ni hizohizo.

Utaratibu ni huu: ethi, waya, betri, alteneta, kila kimoja kwa kipimo. Ukifika mwisho na taa zikawa bado zinapepesa kidogo, funga kapasita, mwambie mwenye gari kwamba umempa utulivu na si nguvu, na bei yako ifanane na maneno hayo. Ukianza na kapasita umeuza kioo cha buluu. Mzee angekataa hata hiyo hatua ya mwisho. Mimi naikubali, na atakayebisha aje na gari lake. Mita ya sindano aliniachia mimi.