Safari ya Motokaa Katika Pwani ya Matajiri

Pwani zenye sifa ya anasa ni nyingi duniani, lakini ni chache zinazotajwa mara nyingi kama ile ya kusini-mashariki mwa Ufaransa, ambayo wenyeji huiita Côte d'Azur, yaani Pwani ya Samawati. Jina hilo halikutungwa na wavuvi wa huko. Lilitungwa na mwandishi Stéphen Liégeard katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1887, na tangu hapo wafalme, wacheza sinema na wenye viwanda wamekuwa wakishindana kununua majabali yanayoitazama bahari. Hata hivyo barabara ni ya watu wote. Mtu mwenye motokaa ndogo ya kukodi, mkate ndani ya kikapu na pesa za kuhesabu aweza kuifuata kutoka Saint-Tropez mpaka Menton, mpakani mwa Italia, mwendo wa kilomita kama 140. Swali linalomhangaisha msafiri wa namna hiyo ni dogo: je, atapata mahali pa kutia miguu yake majini pasipo kulipa?

Saint-Tropez hapamtii moyo. Palikuwa mji mdogo wa wavuvi na wachoraji mpaka ilipotoka ile sinema ya Brigitte Bardot ya mwaka wa 1956, na baada ya hapo dunia nzima ikataka kupaona. Njia za kuingia ni finyu, na katika miezi ya Julai na Agosti motokaa hujipanga kama siafu tangu asubuhi. Bandarini zimefungwa merikebu za starehe ndefu kuliko nyumba zilizo nyuma yake. Mwenye busara huziangalia, akanywa kahawa yake amesimama kwenye kaunta, kwa kuwa anayeketi mezani nje hutozwa zaidi, kisha akaenda zake.

Afikapo Fréjus, afadhali aiache bahari kwa nusu siku. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari walioletwa kutoka Afrika Magharibi waliondolewa vitani kila majira ya baridi na kuwekwa katika kambi za huko, kwa sababu jua lake ni jema kuliko la kaskazini. Kambi zile zilidumu baada ya vita, na karibu na mwaka wa 1930 askari hao walijenga jengo lenye sura ya msikiti wa Djenné, katika nchi ambayo leo huitwa Mali. Kwao hujenga kwa udongo. Hapa walitumia saruji, wakaipaka rangi nyekundu ya udongo. Jengo lingali limesimama kati ya misonobari, nje ya mji, na kutoka pale bahari haionekani. Watalii wengi hupita njia kuu wasijue kwamba lipo. Ni hasara yao, maana katika pwani nzima ni vitu vichache vilivyojengwa na watu waliokuwa wakiikumbuka nyumbani.

Maili chache kutoka hapo kuna bonde la mto Reyran, ambao wakati wa kiangazi huwa kama mchanga mtupu. Kwenye bonde hilo, mahali paitwapo Malpasset, ukuta wa zege wenye kimo cha zaidi ya mita 60 ulimalizika kujengwa mwaka wa 1954, ili mashamba na miji ipate maji ya mwaka mzima. Kila mkulima ataielewa furaha ya watu wa Fréjus. Bwawa lilijaa polepole kwa miaka mitano. Mwishoni mwa Novemba 1959 zikaja mvua kubwa, na maji yakapanda upesi mno. Lango la chini lilicheleweshwa kufunguliwa kwa kuwa daraja la barabara mpya lilikuwa likijengwa bondeni, na ilihofiwa kuwa maji yangeliharibu. Tarehe 2 Desemba, yapata saa tatu usiku, mwamba ulioushikilia ukuta upande wa kushoto ulisukumwa na maji yaliyopenya chini yake, na ukuta wote ukavunjika. Maji yalifika Fréjus kabla ya nusu saa kupita. Watu waliokufa walikuwa 423. Zege yenyewe haikuwa mbovu. Ardhi iliyo chini yake haikupimwa vya kutosha. Mpaka leo mapande ya ukuta huo, mengine makubwa kama nyumba, yamelala bondeni kati ya vichaka, na mtu aweza kuyafikia kwa miguu.

Kutoka Fréjus barabara hupanda na kushuka katika milima ya Esterel, yenye miamba myekundu inayotumbukia ndani ya maji ya buluu. Barabara hii ilifunguliwa mwaka wa 1903 kwa juhudi za chama cha wasafiri, na yafaa kuisifu, maana hapa msafiri wetu hupata alichokitafuta. Huiegesha motokaa chini ya msonobari, hushuka kwa kijia cha mawe, na ghuba ndogo ni yake bure. Mkate huliwa pale.

Cannes haihitaji maneno mengi. Mwaka wa 1834 bwana mmoja wa Kiingereza, Lord Brougham, alikuwa akienda Italia, akazuiwa mpakani kwa sababu ya kipindupindu. Akarudi akalala katika kijiji hiki cha wavuvi, akapapenda, akajenga nyumba. Rafiki zake wakamfuata. Tamasha la sinema lilianza mwaka wa 1946. Mahoteli yamejipanga kando ya bahari, na mbele yake viti na miavuli ya kukodi.

Ni hapo msafiri anapofaa kuijua sheria. Katika Ufaransa mchanga wa pwani ni mali ya serikali, wala si ya mwenye hoteli. Anayepewa kibali cha kuweka viti huwa amekodishwa tu, na amri ya mwaka wa 2006 yataka sehemu kubwa ya kila ufuo wa asili, asilimia 80, ibaki wazi. Sheria nyingine, ya mwaka wa 1976, huwalazimisha wenye mashamba na majumba yaliyo kando ya bahari kuacha njia ya mita tatu kwa watembeao kwa miguu. Baadhi ya matajiri waliipinga mahakamani, lakini leo mtu wa kawaida aweza kutembea chini ya bustani zao huko Cap d'Antibes na Cap Ferrat, akiwa na viatu vyake vya vumbi. Mwezi wa Julai 2015 mfalme wa Saudi Arabia alipofika kwenye jumba lake karibu na Golfe-Juan, ufuo mdogo wa umma ulio chini ya ukuta wake ulifungwa kwa ajili ya ulinzi. Watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi kupinga, na mfalme aliondoka mapema kuliko ilivyotazamiwa. Ufuo ukafunguliwa.

Huko Nice barabara nzuri ya kandokando ya bahari huitwa Njia ya Waingereza. Ilianza katika miaka ya 1820, baada ya baridi kali kuharibu michungwa na kuwaacha vibarua bila kazi. Kasisi wa Kiingereza, Lewis Way, alichangisha fedha ili walipwe kwa kutengeneza njia hiyo. Katika mitaa ya kale msafiri hununua socca, mkate mwembamba wa unga wa dengu uliookwa kwenye sinia kubwa, ambao ungependwa na mtu yeyote aliyezoea chapati.

Kutoka Nice kuna barabara tatu, moja juu ya nyingine, na zote huelekea Menton. Ya kati hupita Èze, kijiji kilichokaa juu ya jabali kama kiota cha tai. Monaco, nchi yenye ukubwa wa kilomita mbili za mraba tu, hupitwa upesi; raia wake wenyewe wamekatazwa kucheza kamari katika jumba lao la Monte Carlo, jambo ambalo wageni wangefaa kulitafakari kabla ya kuingia.

Menton ni mji wa malimau. Zamani wakulima walijenga kuta za mawe katika miteremko ili kupata matuta ya kupandia, na matunda yao yalipelekwa kwa merikebu hadi nchi za mbali. Siku hizi wakulima ni wachache, kwa kuwa tuta lenye kuiona bahari hulipwa zaidi likipandwa nyumba. Tangu mwaka wa 1934 mji hufanya sikukuu ya malimau kila mwaka wakati wa baridi, na sanamu kubwa hupambwa kwa tani nyingi za malimau na machungwa, ambayo kwa sehemu kubwa huletwa kutoka Hispania. Malimau ya Menton yenyewe ni machache na ya bei, hayawezi kutumiwa kwa mapambo. Huuzwa sokoni yakiwa na majani yake, na msafiri hununua mawili tu, akashuka nayo mpaka ufuoni, ambako hakuna anayemwuliza tikiti.