Nyuma ya Barabara Kuu: Kwa Baiskeli Kutoka Kimara Hadi Vilima vya Pugu

Ndugu msomaji, ukifika Kimara Mwisho alfajiri ya Jumapili utaikuta Barabara ya Morogoro imetulia kidogo. Mabasi ya mwendo kasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, huondoka moja moja kuelekea Kivukoni, na wauza chai huwasha majiko yao bila pilikapilika. Lakini utulivu huo ni wa saa moja tu. Jua likishapanda, malori ya mikoani, daladala, bajaji na pikipiki hushindania njia, na mwenye baiskeli huwa hana pa kuweka gurudumu lake.

Ni kando ya barabara hiyo binti yangu alipoanguka mwaka juzi, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Lori halikumgusa. Lilipita karibu mno, naye kwa hofu akageuza usukani, akatumbukia mtaroni pamoja na baiskeli yake. Alichubuka goti na kiwiko, basi; lakini mama yake aliifungia baiskeli ile stoo, nami sikuwa na neno la kumjibu. Ilikaa humo miezi minne.

Aliyetufungulia mlango wa stoo, kwa namna ya kusema, ni kijana mmoja muuza madafu anayepita mtaani kwetu na mzigo wake juu ya karia. Nilimwuliza anawezaje kuikabili barabara ile kila siku. Akacheka. "Mzee wangu, ile ni barabara ya wenye haraka," alisema. "Sisi wenye mizigo tunapita nyuma."

Njia hiyo ya nyuma ndiyo ninayotaka kukusimulia leo, ili nawe uijaribu pamoja na wanao.

Kwanza yafaa ukumbuke kwamba Kimara ni mahali palipoinuka. Ndiyo sababu matangi makubwa ya maji yalijengwa hapa, kupokea maji yanayosukumwa kutoka mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959, na kuyateremsha mjini. Kwa mwendesha baiskeli, mwinuko huo ni neema asubuhi na deni jioni: utaanza safari kwa kuteremka, na utakumbuka wakati wa kurudi kwamba kila mteremko una mpando wake.

Ukiiacha barabara kuu na kushika upande wa kusini kuelekea Bonyokwa, makelele hufifia kwa haraka ya kushangaza. Lami utaikuta hapa na pale, lakini ukiingia katika vichochoro utakanyaga changarawe, mchanga na udongo mwekundu. Utapita katikati ya nyumba zenye miembe na migomba, utashuka katika mabonde yenye bustani za mchicha na matembele, na utavuka vijito ambavyo wakati wa kiangazi mtoto huweza kuviruka. Watu watakusalimu. Katika barabara kuu hakuna anayemsalimu mwenzake. Huku nyuma, usiposalimu wewe ndiwe utakayeshangaliwa.

Kutoka Bonyokwa utafika Kinyerezi, ambako mitambo inayofua umeme kwa gesi asilia hukuonyesha njia kutoka mbali. Katika bonde la Kinyerezi unapita mto Msimbazi. Simama hapo kidogo, uwaeleze watoto jambo moja. Mto huu ndio ule ule unaofurika Jangwani wakati wa masika na kukata mawasiliano ya jiji, kabla ya kumwaga maji yake baharini penye daraja la Salender. Chanzo chake ni huko huko mnakokwenda, katika vilima vya Pugu na Kisarawe. Mtoto aliyeufuata mto kwa baiskeli hahitaji kuhubiriwa kwa nini misitu ya vilimani isikatwe.

Baada ya Kinyerezi, shika njia ya Kifuru na kuulizia Pugu Stesheni. Kuuliza si ujinga, na huku wenyeji hawachoki kuelekeza. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, inapita Pugu. Na siku hizi kuna pia reli mpya ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria kwenda Morogoro mwezi Juni 2024. Watoto hupenda kungoja treni. Waache wangoje, ila wakae mbali na reli.

Hapo Pugu utakutana tena na lami na magari yaendayo Kisarawe. Shuka, ukokote baiskeli pembeni kwenye kipande hicho, hakuna aibu. Mwenda pole hajikwai. Utaipita sekondari ya Pugu, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha baada ya kurejea kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952. Alikuwa mwalimu hapa TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, akawa akishuka mjini kwa kazi za chama, hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 ili ajitoe kikamilifu kwa siasa. Mbele yake ndiko kwenye msitu wa hifadhi wa Pugu, mabaki ya misitu ya asili ya pwani iliyokuwa imetanda sehemu hizi. Kuna kiingilio, kuna vijia vya kutembea na kuendesha, kuna kima na ndege, na kuna kivuli ambacho huwezi kukipata popote Kimara.

Safari hii haihitaji baiskeli ya fahari. Wazee watazikumbuka baiskeli za Swala zilizotengenezwa hapa nchini, na Phoenix za Kichina zilizobeba magunia kwa miaka mingi bila kulalamika. Iliyo muhimu ni breki zinazoshika, tairi zisizolika, pampu, viraka na gundi, maji ya kutosha na kofia. Nenda kati ya Juni na Septemba, jua lisipokuwa kali na udongo ukiwa umekauka. Wakati wa masika usijaribu: udongo wa mabondeni huteleza kama bamia, na vijito nilivyovitaja huacha kuwa vijito.

Sasa nifikie jambo linalonikera moyo. Mwezi wa Agosti uliopita tulipita njia ile kwa mara ya saba, binti yangu akiwa mbele. Tulipoteremka katika bonde la pili, tukakuta kijia kimezibwa kwa ukuta mpya wa matofali. Mwenye kiwanja hakuwa na kosa ninalolijua. Amejenga katika eneo lake. Tulibeba baiskeli mabegani, tukapita ukingo wa korongo. Tulipofika ng'ambo binti yangu akaniuliza, "Baba, mwakani tutapita wapi?"

Swali hilo lilinikumbusha habari za Ulaya. Katika milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Ufaransa, kuna barabara za zamani za changarawe zilizojengwa kwa ajili ya majeshi. Mojawapo huitwa Njia ya Chumvi. Vita vilipokwisha, barabara hizo zingeweza kuachwa zife, au kugeuzwa uwanja wa pikipiki na magari. Badala yake, wenyeji na serikali zao walikaa wakaamua: wakati wa majira ya joto, zipo siku za juma ambazo magari hayaruhusiwi kupita, na barabara huwa ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Pale njia ilibaki kwa sababu iliamuliwa ibaki.

Nasi tunaweza kuamua. Maeneo mengi ya Kimara yamepitia, au yanapitia, urasimishaji wa makazi. Wapimaji huja, michoro hubandikwa ofisi ya mtaa, na majirani huulizwa nani atatoa hatua ngapi kwa ajili ya barabara. Wengi wetu huenda kwenye vikao hivyo kutetea mpaka wa kiwanja tu. Ndugu msomaji, safari ijayo nenda pia kutetea kijia. Gari litadai barabara yake hata usiposema. Muuza madafu na mtoto mwenye baiskeli hawana wa kuwasemea. Hatua mbili za upana zinawatosha, na hatua mbili hazimfukarishi mtu.

Mimi nimekwisha kwenda ofisi ya mtaa wetu kuutazama mchoro. Kijia chetu hakimo. Nimeandika jina langu ili niseme katika kikao kijacho, na binti yangu ameomba kufuatana nami.