Viraka vya Pikapu ya Baba

Kwa miaka 19 pikapu ya marehemu baba ilisimama nyuma ya nyumba yetu hapa Singida Mjini, chini ya mwarobaini, na kuku wa mama ndio waliokuwa wenye nayo. Mtetea mmoja alitagia kwenye kiti cha dereva, mwingine chini ya usukani, na jogoo aliwika juu ya paa kila alfajiri. Wanunuzi wa chuma chakavu walishapita mara tatu na mizani yao. Walipokuja mara ya nne mama alinipigia simu, nami nikamwomba asiiuze. Sikuwa nimewahi kufungua hata nati ya baiskeli. Nilichojua ni kwamba sikutaka gari la baba lipimwe kwa kilo.

Ilikuwa Peugeot 404. Wenye umri wanalikumbuka jina hilo. Gari hili lilianza kuuzwa mwaka 1960, na huku kwetu lilijijengea heshima vumbini: lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Baba hakuwa dereva wa mashindano. Shindano lake lilikuwa kuupanda mlima Sekenke na magunia ya vitunguu au alizeti, enzi za barabara ya vumbi, na kurudi nyumbani na ada yetu mfukoni.

Nilianza kwa kununua rangi. Nilimwendea fundi mmoja mzee mwenye gereji chini ya mti, upande wa Majengo, nikamwamkia, nikamwekea makopo mawili mbele yake. Aliyatazama, akayasogeza pembeni.

"Rangi ni nguo, mwanangu," alisema. "Huyu bado hatujajua anaumwa nini."

Alinipa sharti moja: angenifundisha, lakini spana ningeshika mimi. Hivyo kila Jumamosi, kwa miezi 14, nikawa mwanafunzi wake.

Siku ya kwanza tuliikagua tu. Bodi ilikuwa nzima kuliko nilivyodhani. Upepo wetu mkavu, ule unaotupasua midomo kila Julai, ulikuwa umeihifadhi. Ingekuwa Tanga au Dar es Salaam, hewa ya chumvi ingekuwa imeshaimaliza zamani. Kilichooza ni sakafu, kwa sababu ya kuku: kinyesi chao kikipata unyevu hula bati. Nikajifunza jambo la kwanza. Nilikuwa nimeshachagua adui, jua na mvua, kumbe uharibifu ulitoka kwa wale tuliowaona kila siku na kuwarushia mtama.

Jambo la pili nilifundishwa na bolti ya injini. Ilikuwa imeshika kutu. Fundi aliipaka dizeli iliyochanganywa na oili, akaniambia niiache hadi wiki ijayo. Alipokwenda kuswali nikaingiza bomba kwenye mkono wa spana ili nipate nguvu zaidi, nikavuta. Ikakatika. Kukitoa kipande kilichobaki ndani kulitugharimu Jumamosi tatu. Mzee hakunigombeza. Alinionyesha tu namna ya kulowesha, kugonga taratibu, kujaribu kidogo, kuacha, kisha kurudia. Hadi siku hiyo nilidhani subira ni kukaa na kungoja. Kumbe subira ina kazi zake, na mikono ya mwenye subira haikai bure.

Lakini somo lililonibadilisha lilikuwa kwenye lundo la takataka.

Kila tulipofungua sehemu, nilikuta kitu kisichostahili kuwapo. Chini ya injini, mahali pa mpira wa kiwandani, palikaa kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kwa kisu. Gasketi ya pampu ya maji ilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji. Kwenye nyaya za kabureta palikuwa na duara dogo la soli ya kandambili. Upande wa dereva, sakafu ilikuwa imezibwa kwa bati la pipa la oili, maandishi yake bado yakisomeka. Niliona aibu. Nikawa navitupa kimoja kimoja, nikisema moyoni kwamba baba hakulijali gari lake.

Jioni moja mzee aliniambia nivirudishe. Nilivipanga juu ya gunia, naye akachuchumaa, akavisoma kama mtu anayesoma barua. Kile kipande cha tairi kilikuwa kimekatwa kwa kipimo, akasema, na matundu yake yametobolewa kwa chuma cha moto ili yasipasuke. Gasketi ilikuwa imepakwa grisi pande zote mbili. Aliyefanya kazi ile hakuwa mzembe. Kisha akanieleza mwanzo wa miaka ya 1980 ulikuwaje: vita vya Kagera vimekwisha mwaka 1979 na hazina ni tupu, mafuta yamepanda bei duniani, fedha za kigeni hakuna. Watu walipanga foleni kwa ajili ya sabuni na sukari. Spea ya gari ungeitoa wapi?

"Miaka ile, mwenye gari linalotembea alikuwa fundi, apende asipende," alisema.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikimwomba baba anishushe mbali na lango la shule, ili wenzangu wasione pikapu yenye mlango uliofungwa kwa waya. Hakuwahi kuniuliza kwa nini. Alisimama, akanishusha, akageuza gari. Nilikuwa nauonea aibu mlango, wala sikuona kwamba gari lenyewe lilikuwa limefika. Kila kiraka nilichokitupa kilikuwa ni safari moja iliyowezekana, na baadhi ya safari hizo ndizo zilizonilipia darasa nililosomea. Wahenga walionya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilikuwa nimemtukana mkunga wangu mwenyewe, kimoyomoyo, kwa miaka mingi.

Baada ya hapo nikataka kurudisha kila kitu kama baba alivyokiacha. Mzee akanikatalia, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Mfumo wa breki tuliutoa wote, mabomba na mipira, tukaweka mipya iliyoagizwa Dar es Salaam. "Baba yako angepata mpya, angeweka mpya," alisema. Kumheshimu mzazi si kurithi dhiki yake. Alichofanya kwa kukosa, mimi sina sababu ya kukifanya nikiwa nacho.

Injini nayo ilinifunza. Silinda za 404 ni silivu zinazochomolewa. Ikichakaa unaivuta, unaweka nyingine, na bloku inabaki ileile. Maana yake, aliyeibuni alijua tangu siku ya kwanza kwamba itachakaa, na kwamba mtu fulani asiyemjua, mahali asipopajua, ataifungua. Akamwachia njia. Nimelifikiria sana hilo nikiwalea wanangu.

Siku iliponguruma, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda uani. Hakusema neno. Alisimama, akafunga khanga yake vizuri, akafungua mlango wa abiria na kuingia, kama alivyokuwa akifanya zamani. Tukaenda polepole hadi ukingo wa Ziwa Singidani, tukasimama kati ya mawe makubwa, upepo ukipuliza.

Ile rangi hatimaye ilipakwa. Lakini bati la pipa chini ya miguu ya dereva nililiacha. Fundi wa bodi aliona haya kulibakiza, nikamwambia ni zima, lina kazi.

Na kuna kitu kingine. Mpira mmoja wa ekzosi haukupatikana, si hapa wala Dar es Salaam. Nilichukua kipande cha tairi, nikakikata kwa kipimo, nikatoboa matundu yake kwa chuma cha moto. Kiko pale chini hadi leo. Siku moja kijana ataifungua pikapu hii, atakikuta, na pengine atakitupa. Naomba awepo mzee karibu yake, wa kumwambia akirudishe, akitazame tena.